Beetle za Eastlands: Kufufua na Kuboresha Gari Linalopozwa kwa Hewa

Volkswagen Beetle ni gari dogo la milango miwili lenye injini nyuma na tangi la petroli mbele, na halina radieta. Injini yake hupozwa na hewa inayosukumwa na feni juu ya silinda. Lilibuniwa Ujerumani katika miaka ya 1930 na Ferdinand Porsche na wenzake, likaanza kutoka kwa wingi katika kiwanda cha Wolfsburg mwishoni mwa 1945, wakati kiwanda hicho kikisimamiwa na afisa wa jeshi la Uingereza, Meja Ivan Hirst. Februari 1972 ilitoka Beetle ya 15,007,034 na kuipiku rekodi ya Ford Model T. Ya mwisho iliundwa Puebla, Meksiko, Julai 2003, jumla ikiwa imefika 21,529,464. Tangu siku hiyo hakuna mpya, na kila Beetle inayopita Jogoo Road, Nairobi, leo ama ilitunzwa na mwenyewe miaka yote hiyo, ama ilikufa ikafufuliwa.

Kenya ililijua gari hili mapema. Mwaka 1953 yalipofanyika kwa mara ya kwanza mashindano ya Coronation Safari, yaliyokuja kuwa Safari Rally, Alan Dix na Johnny Larsen waliokuwa katika Beetle ndio wanaotajwa kuwa washindi. Mwaka uliofuata walishinda Vic Preston na D. P. Marwaha, 1957 Gus Hofmann na Arthur Burton, na 1962 Tommy Fjastad na Bernhard Schmider, wote kwa Beetle. Magari yaliyoshindana nayo yalikuwa na nguvu zaidi, lakini Safari ya zamani ilikuwa mashindano ya matope, vumbi na mawe. Uzito wa injini ya Beetle hukaa juu ya magurudumu yanayosukuma gari, kwa hiyo hushika njia penye utelezi. Tumbo lake ni bapa, na jiwe lililorushwa na tairi halikuwa na radieta ya kutoboa. Kwa mwalimu, karani au muuguzi aliyetaka gari la kwenda kazini na kisha kwenda mashambani Desemba, ushahidi huo ulitosha. Kwa miaka mingi magari hayo yaliuzwa nchini na Cooper Motor Corporation.

Mitaa ya Eastlands, mashariki mwa Nairobi, haikujengwa yote kwa kufikiria magari. Kaloleni, Bahati na Maringo zilikuwa nyumba za wafanyakazi waliotarajiwa kwenda kazini kwa miguu, baiskeli au basi. Buruburu, iliyoanza kujengwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa Commonwealth Development Corporation, ndiyo iliyokuja na maegesho mbele ya nyumba na wakazi wa kipato cha kati. Donholm na Umoja zikafuata. Beetle zilizobaki katika mitaa hii mara nyingi ni za urithi: gari la baba lililosimama uani tangu alipostaafu, limefunikwa turubai, matairi yamekaa chini, nambari yake ya usajili bado ile ya zamani ya herufi tatu na tarakimu bila herufi ya mwisho, mtindo uliotumika hadi 1989. Nambari hiyo ni sehemu ya thamani ya gari. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika zaidi ya miaka minane, kwa hiyo Beetle nyingine haziwezi kuagizwa hivi hivi kama yanavyoagizwa magari ya Japani. Zilizopo ndizo zilizopo, na moja ikikatwakatwa kuwa vyuma chakavu, pengo lake halizibwi.

Mbali na urithi na uhaba huo, sababu nyingine ya gari hili kudumu mashariki mwa Nairobi ni mafundi. Katika Kariobangi Light Industries, katika mabanda ya Kamukunji na katika gereji za kando ya barabara, ufundi wa kukunja, kupiga na kuchomelea bati umekomaa kwa miaka mingi. Wanaounda mabodi ya matatu, wanaochonga vyuma kwa leithi na wanaoshona viti wako umbali wa dakika chache kutoka kwa mwenye gari. Beetle inawafaa mafundi hao kwa sababu karibu kila kitu chake hufunguka kwa spana. Madigadi manne hushikwa kwa boliti, hivyo lililobonyea hutolewa likanyooshwa mezani. Injini hushikana na giaboksi kwa boliti na nati nne tu, na fundi mwenye jeki huishusha chini kwa muda usiofika saa moja. Bodi lenyewe limefungwa juu ya sakafu kwa boliti, na zikifunguliwa, watu sita au wanane huliinua kwa mikono.

Kabla ya kueleza ukarabati, inafaa kueleza jinsi injini inavyopoa, maana makosa mengi hutokana na kutolielewa jambo hili. Silinda ni nne, zimelala mbili mbili pande za kushoto na kulia. Kila silinda imezungukwa na mapezi membamba ya chuma, na vichwa vyake vya alumini vina mapezi pia, ili eneo linalogusa hewa liwe kubwa. Juu ya injini kuna feni inayozungushwa na mhimili wa dinamo, na dinamo huzungushwa na mkanda karibu mara mbili ya kasi ya injini. Injini ikikimbia, feni hiyo husukuma takribani lita 500 za hewa kila sekunde. Hewa haiachiwi ijitafutie njia. Mabati yaliyokunjwa kwa ustadi huibana na kuipitisha katikati ya mapezi, na kuzunguka injini yote kuna mpira unaoziba nafasi kati ya mabati na bodi. Juu ya mabati hukaa hewa baridi, chini yake hutoka hewa ya moto. Mpira ukikosekana, hewa ya moto hupanda juu, feni huivuta tena, na injini hujipikia katika joto lake yenyewe.

Hapa ndipo Beetle nyingi za Nairobi zimeharibikia. Injini imefunguliwa mara kumi katika maisha yake, na kila mara fundi mwenye haraka amebakiza bati moja au mawili nje kwa kuona hayana kazi. Gari likachemka, likabandikwa sifa ya kuchemka, likaachwa. Anayefufua Beetle aanze kwa kutafuta kila bati lake, hata yale madogo ya chini ya silinda, na kuweka mpira mpya. Bati lililopotea linaweza kuchongwa upya Kariobangi kwa kunakili la gari jingine. Kazi hiyo haionekani gari likishapakwa rangi, na pengine ndiyo sababu hupuuzwa, lakini hakuna pesa inayotumika vizuri zaidi katika ukarabati wote.

Ukarabati wa bodi huanza kwa kutafuta kutu. Beetle huoza mahali panapojulikana: vijia vya hita vilivyo chini ya milango, sakafu chini ya betri upande wa kulia wa kiti cha nyuma, kitako cha gurudumu la akiba, na mahali bampa zinaposhikia. Nairobi hakuna anayehitaji hita sana, kwa hiyo wengi huviona vijia hivyo kama mapambo. Kumbe ndivyo mbavu za gari. Vikioza, bodi hulegea na milango hukataa kufunga. Kabla ya kuinua bodi la namna hiyo lazima vyuma vichomelewe kwa muda kwenye nafasi za milango, la sivyo hujikunja likiwa hewani na halirudi kamwe katika umbo lake. Sakafu iliyoliwa na asidi ya betri hukatwa ikawekwa bati jipya la unene wa milimita moja hivi. Fundi anayekata awe mwangalifu na handaki la katikati: nambari ya chesisi imechongwa hapo, chini ya kiti cha nyuma, na gari lililopoteza nambari hiyo lina matatizo makubwa kuliko kutu.

Kasoro ya kawaida ya gereji za haraka ni kujaza mashimo kwa filla na kupaka rangi juu. Mikunjo ya Beetle ni ya mviringo kila upande na filla nene hupasuka humo baada ya mvua za msimu mmoja. Bati linalopigwa kwa nyundo na tandiko hadi lirudie umbo lake huhitaji filla kidogo sana, ya kulainisha tu. Ufundi huo wa mkono upo Eastlands, na mwenye gari analazimika kuulipia muda wake.

Injini huchunguzwa kabla ya kufunguliwa. Jaribio moja halihitaji chombo chochote: puli kubwa ya nyuma hushikwa kwa mikono miwili ikavutwa na kusukumwa. Krankishafti inatakiwa kucheza sehemu ndogo sana ya milimita, isizidi 0.15. Ikigonga kwa sauti, ganda la injini limelika ndani, nalo hupelekwa kwa fundi mwenye mashine ya kutoboa upya vitako vya beringi ili ziwekwe beringi nene zaidi. Ganda hilo ni la aloi ya magnesi, jepesi lakini laini, na nyuzi za boliti ndefu zinazobana vichwa vya silinda hung'oka kwa joto la miaka. Dawa yake ni kuingiza nyuzi mpya za chuma kigumu, jambo ambalo fundi wa leithi hulimaliza kwa siku moja. Petroli isiyo na risasi, ambayo ndiyo pekee inayouzwa Kenya tangu 2006, haina madhara kwa injini hii, kwa kuwa vitako vya vali zake ni vya chuma kilichoingizwa ndani ya alumini.

Ndipo huja suala la kuboresha. Injini za Beetle zilikua kidogo kidogo kiwandani: sentimita za ujazo 1,192 zenye nguvu za farasi 30 katika 1954 na 34 baadaye, kisha 1,285 zenye 40, 1,493 zenye 44, na hatimaye 1,584 zenye 50. Ni familia moja, kwa hiyo injini ya 1600 huingia katika gari lililozaliwa na 1200 bila kukata chochote cha maana. Wanaotaka zaidi hununua pistoni na silinda pana. Zenye kipenyo cha milimita 87 huingia kwenye ganda bila kulichonga na kutoa ujazo wa 1,641. Zenye 90.5 huhitaji ganda na vichwa vichongwe, na kutoa 1,776. Hesabu ya karatasi huvutia, lakini kila nguvu inayoongezwa huja na joto lake, na feni ni ileile. Kwa gari la kwenda Gikomba asubuhi na Machakos Jumamosi, 1,584 iliyosukwa vizuri inatosha na itadumu kuliko kubwa yake.

Boresho linalopaswa kutangulia nguvu ni la kipoza oili. Katika injini za zamani kipoza hicho kilisimama ndani ya nyumba ya feni, mbele ya njia ya hewa ya silinda ya tatu. Silinda hiyo ikapata hewa iliyokwisha kupashwa moto na oili, na vali yake ya kutolea moshi ikawa ya kwanza kuungua au kukatika. Kuanzia magari ya 1971 kiwanda kilikihamisha kipoza pembeni, katika kijumba chake chenye njia yake ya kutolea hewa. Nyumba ya feni ya aina hii mpya huingia kwenye injini za zamani pamoja na feni yake iliyo pana kidogo. Hakuna boresho jingine linalorefusha maisha ya injini kiasi hicho.

Kabureta inahitaji maelezo yake, kwa sababu Nairobi iko juu. Eastlands ni kama mita 1,650 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa hapo ni pungufu kwa karibu asilimia 18 ikilinganishwa na Mombasa. Injini ya nguvu za farasi 50 hutoa 41 au 42 tu. Kabureta iliyopimiwa usawa wa bahari humwaga petroli nyingi mno kwa hewa hiyo haba: plagi huwa nyeusi, gari hunuka, na petroli iliyozidi huosha oili kwenye kuta za silinda. Jeti ndogo kidogo hurekebisha hali hiyo. Lakini jeti iliyobanwa kabisa kwa ajili ya Nairobi huwa hatari gari likishuka pwani, ambako hewa ni nzito na mchanganyiko hugeuka mkavu. Mchanganyiko mkavu huchoma vali, na huzichoma kimya. Fundi mzoefu huacha petroli izidi kidogo, au humpa mwenye gari jeti ya pili ya kubadilisha kabla ya safari ya Mombasa. Kabureta mbili, moja kila upande, huipa injini pumzi bora kuliko ile moja ya katikati, ila zinataka kusawazishwa mara kwa mara, na gari lenye kabureta mbili zisizokubaliana ni kero kuliko lenye moja.

Pointi za distribyuta hubadilishwa kwa moduli ndogo ya elektroniki inayofichwa ndani ya kofia ileile. Faida yake si kasi. Moto hupigwa wakati uleule siku zote, ilhali pointi huchakaa na kuusogeza wakati huo bila dereva kujua.

Umeme ndio sehemu inayobadilisha matumizi ya gari kila siku. Beetle nyingi za kabla ya 1967 zilikuwa na volti 6, na taa zake usiku katika Outer Ring Road hazitoshi. Kuhamia volti 12 kunahitaji betri, balbu, koili, regyuleta na mota ya waipa. Nyaya zilizo nzima zinaweza kubaki, kwa kuwa zile za volti 6 zilitengenezwa nene zaidi. Starta ikibadilishwa, gurudumu la meno la injini nalo hubadilishwa, kutoka meno 109 hadi 130. Dinamo ya volti 12 hutoa ampea 30 hivi, kiasi kidogo kwa anayetaka redio ya maana, na kijana aliyekulia kwenye matatu za Buruburu huitaka. Alteneta ya ampea 50 au zaidi hukaa palepale pa dinamo na kuzungusha feni ileile.

Breki za asili ni za dramu kote, na katika magari ya zamani zaidi maji yote ya breki yalipita mkondo mmoja, hivi kwamba bomba moja likipasuka hakuna breki iliyobaki. Kuweka silinda kuu ya mikondo miwili na diski za mbele ni wajibu kwa yeyote aliyeongeza nguvu za injini. Kiwanda chenyewe kiliweka diski kwenye modeli ya 1500 mwaka 1966, kwa hiyo vipuri vipo, mradi anayeagiza ajue gari lake lina ekseli ya mbele ya aina gani, maana ilibadilishwa 1965. Vipuri vingi hutoka Brazili, Meksiko na Ujerumani. Vidogo hupatikana Kirinyaga Road mjini. Kuhusu kushusha gari ili lilale chini, mtindo unaopendwa na vijana, barabara za ndani za mitaa zina matuta na mashimo ya kutosha kumshawishi mwenye akili aliache katika kimo chake.

Jambo moja halina mjadala: mipira ya petroli. Petroli hutoka tangini mbele, hupita katika bomba la chuma ndani ya handaki la katikati, kisha huingia kwenye injini kwa vipande vya mpira. Mpira ukizeeka hupasuka juu ya injini yenye moto, na magnesi ikishika moto haizimwi kwa maji, huzidi kulipuka. Beetle nyingi duniani zimekufa hivi. Mipira yote hubadilishwa wakati wa ukarabati, hubanwa kwa klipu, na kizima moto cha unga huwekwa mahali mkono wa dereva unapofika.

Ndani ya gari kazi ni nyepesi. Viti hushonwa upya na mafundi wanaoshona vya matatu, mikanda ya usalama huwekwa, na betri iliyo chini ya kiti cha nyuma hufunikwa ili springi za kiti zisiguse ncha zake, kosa ambalo limewahi kuwasha viti vingi.

Wapo pia wanaouliza juu ya kuondoa injini yote na kuweka mota ya umeme. Utaalamu huo upo Nairobi: kampuni ya Opibus, iliyoanzishwa 2017 na ambayo sasa inaitwa Roam, ilianza kwa kubadilisha magari ya safari kuwa ya umeme, na Volkswagen yenyewe ilionyesha Beetle ya umeme mwaka 2019. Gari la namna hiyo hupungua kelele na kupata nguvu. Hupoteza pia injini ambayo ndiyo iliyolifanya liwe lilivyo, na kwa kuwa Beetle za Kenya ni chache, ni bora jaribio hilo lifanywe kwa gari ambalo injini yake imeshapotea.

Kazi ikiisha, karatasi hufuata. Injini mpya ina nambari mpya, iliyochongwa kwenye ganda chini ya kitako cha dinamo, na rangi huenda imebadilika. Mabadiliko hayo yote huripotiwa kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ili logibuku ilingane na gari, na ukaguzi hufanywa katika kituo cha Likoni Road, Industrial Area. Anayepuuza hatua hii hugundua gharama yake siku ya kuuza gari au ya kudai bima.

Injini iliyosukwa upya huendeshwa kwa upole kilomita 500 za kwanza, kisha oili humwagwa. Ni lita 2.5 tu, na hakuna filta ila chujio la waya, kwa hiyo oili hubadilishwa kila kilomita 5,000 bila kuchelewa. Wakati huohuo mwanya wa vali hupimwa injini ikiwa baridi kabisa, milimita 0.15 kwa injini za baadaye, maana vali iliyobana haitoi sauti yoyote hadi iungue. Katika buti huwekwa mkanda wa feni wa akiba na spana yake. Taa nyekundu ya chaji ikiwaka barabarani, katika gari jingine dereva angeweza kujikokota hadi gereji. Katika Beetle mkanda uleule ndio unaozungusha feni, kwa hiyo huzima injini palepale, hata kama ni katikati ya foleni ya Jogoo Road, na haiwashi tena hadi mkanda mpya uwe umefungwa.